Kihatarishi, Hatari na Madhara: Istilahi za Usalama wa Mfanyakazi Zikipimwa kwa Mizani ya Pemba

Mwezi wa Juni 2025 Mkutano Mkuu wa Kazi wa Kimataifa, uliofanyika Geneva, ulipitisha Mkataba Namba 192 pamoja na Pendekezo Namba 209, juu ya mambo yatokanayo na viumbe ambayo huweza kumdhuru mtu akiwa katika kazi yake. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 2022, mkutano huohuo ulikwisha kuiweka haki ya kufanya kazi katika mazingira salama miongoni mwa misingi mikuu ya haki za wafanyakazi. Haya ni mambo ya kushangiliwa. Lakini mikataba ya Shirika la Kazi Duniani haitufikii kwa Kiswahili. Kabla wabunge na wawakilishi hawajaijadili, na kabla waajiri na wafanyakazi hawajaisikia, mkono wa kwanza kuipokea ni wa mfasiri. Atakavyoiita yeye ndivyo itakavyoitwa na wengine.

Wala jambo hili si la wafasiri peke yao. Tangu mwaka 2021, Tanzania Bara imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo istilahi iliyotungwa ovyo haiishii kuwa doa katika kamusi. Yaweza kuwa mwanya katika sheria, na mwanya huo akapita mwajiri mzembe huku mgonjwa akikosa fidia.

Makala haya yanakusudia kuzihakiki istilahi zinazotumika sasa katika uwanja huu. Mizani tuliyoichagua ni kisiwa cha Pemba, nasi tuna sababu. Kazi nyingi za Wapemba humkutanisha mtu na viumbe hai uso kwa uso: mkulima wa mpunga husimama ndani ya maji ya bonde, mkulima wa mwani hushinda katika maji ya bahari, mvuvi huvua asichokijua, mfugaji huzalisha ng'ombe kwa mikono yake, na fundi wa maabara pale Wawi, katika Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyofunguliwa mwaka 2000, hushika vyombo vya mkojo, damu na kinyesi kila siku. Istilahi itakayowafaa watu hawa wote itafaa popote. Isipowafaa wao, yafaa tujiulize ilitungwa kwa ajili ya nani.

1. Mambo manne, neno moja

Katika mafunzo na matangazo husikika tafsiri kadhaa za dhana hiyo moja: hatari za kibayolojia, athari za kibayolojia, madhara ya kibayolojia, na vihatarishi vya kibayolojia. Wengi huzitumia kana kwamba ni visawe. Sisi twaona si visawe hata kidogo.

Tuchukue mfano wa bondeni. Katika maji yaliyotuama hukaa konokono wa jamii ya Bulinus. Mtu mwenye kichocho akikojoa majini, mayai ya kimelea huanguliwa, vimelea vichanga huingia ndani ya konokono, hukua humo, kisha hutoka tena majini vikimtafuta binadamu. Humtoboa ngozi pasipo yeye kuhisi maumivu makubwa. Baada ya muda mkojo huwa na damu, na ugonjwa usipotibiwa kwa miaka mingi huharibu kibofu na figo, hata ukaweza kuleta saratani ya kibofu.

Hapo pana mambo manne. La kwanza ni kitu chenye uwezo wa kudhuru, yaani kimelea kilichomo majini. Kipo hata kama hakuna mtu aliyeingia bondeni siku hiyo. La pili ni kule kufikiwa: mkulima ameingia, na maji yamemgusa. La tatu ni kadiri ya uwezekano wa kudhurika, ambao ni mkubwa kwa apandaye mpunga kutwa nzima na mdogo kwa avukaye mara moja. La nne ni dhara lenyewe, yaani damu katika mkojo na kibofu kilichoharibika.

Basi atakayesema "madhara ya kibayolojia" ametaja jambo la nne akidhani ametaja la kwanza. Vivyo hivyo na "athari", neno ambalo asili yake ya Kiarabu ni alama au unyayo uliobaki baada ya mpitaji kupita. Athari huja nyuma ya jambo, haitangulii. Sheria itakayomwamuru mwajiri "kudhibiti athari" au "kudhibiti madhara" itakuwa imemwambia angoje mfanyakazi aumwe ndipo aanze wajibu wake. Wakili mjanja hatakosa kuliona hilo.

Neno "hatari" lina mashaka ya namna nyingine. Lina nguvu, linajulikana na kila mtu, lakini limebeba mizigo miwili. Twasema "nyoka ni hatari", tukimkusudia mwenye kudhuru. Na twasema "yumo hatarini", tukikusudia hali ya kuweza kudhurika. Katika mazungumzo hapana ubaya. Katika sheria na katika fomu za ukaguzi, neno moja kwa dhana mbili ni kichaka cha kujificha.

Hivyo twaunga mkono neno "kihatarishi", japokuwa wapo wanaolichekea kuwa ni la kubuniwa ofisini. Umbo lake ni la Kiswahili safi. Kutokana na "kuhatarisha" tumepata kihatarishi, kama tulivyopata kirutubishi kutokana na kurutubisha, na kiwakilishi kutokana na kuwakilisha. Kiambishi ki- hutuonyesha kitu, na kiishio -i hutuonyesha mtenda. Kihatarishi, basi, ni kitu kinachohatarisha. Hakuna dhana iliyobaki nje.

Kasoro tunayoilaumu ni ulegevu wa matumizi. Neno "hatarishi" limetawanywa kila mahali: tabia hatarishi, mazingira hatarishi, makundi hatarishi. Hilo la mwisho ni la kutisha. Wakulima wa mpunga wakiitwa "kundi hatarishi", msikiaji atafahamu kwamba wao ndio wanaohatarisha wenzao, ilhali wao ndio waliomo hatarini. Lugha imemgeuza mdhuriwa kuwa mdhuru. Twashauri isemwe "watu walio hatarini zaidi", na tamko hilo la "makundi hatarishi" liachwe kabisa.

2. Juu ya "kibayolojia"

Sehemu ya pili ya istilahi nayo ina mjadala. Kwanza, maandishi yake hayajatulia. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa kamusi yake ya sayansi mwaka 1990 iliandika Biolojia. Wengine huandika bayolojia, na shuleni wengi huandika baiolojia. Mwalimu, mchapaji na mwandishi wa sheria wakiwa na tahajia tatu, mwanafunzi ataziamini zote au hataiamini hata moja. Katika makala haya tumetumia "bayolojia" kwa kuwa yafuata matamshi bila kulundika irabu, lakini jambo la maana zaidi ni kuchagua moja na kuishika.

Pili, hata likiandikwa vizuri, neno hili ni jina la taaluma. Kimelea si cha kibayolojia kwa sababu kinasomwa na wanabayolojia, kama vile mvua si ya kijiografia. Mkulima akiambiwa ajihadhari na kihatarishi cha kibayolojia, atarudi nyumbani hana alichopewa. Kwa ajili yake twapendekeza "vihatarishi vitokanavyo na viumbehai". Tumeandika viumbehai, si viumbe, kwa kuwa katika lugha na imani zetu kiumbe ni kila kilichoumbwa, na jiwe nalo limeumbwa. Tena tumesema "vitokanavyo" kwa kusudi maalumu. Wako wanaofupisha mambo kwa kusema "vijidudu vya maradhi". Ufupisho huo ni rahisi kukumbukwa, lakini unakata sehemu kubwa ya dhana.

Pemba yenyewe imelionyesha jambo hili kwa uchungu. Mwezi wa Novemba 2021 watu saba walikufa kisiwani humo baada ya kula nyama ya kasa. Mwezi wa Machi 2024, katika kisiwa kidogo cha Panza, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa kwa sababu iyo hiyo, na watu wengine 78 wakalazwa. Hapakuwa na kijidudu wala maambukizo. Palikuwa na sumu iliyomo katika nyama, isiyoondoka kwa kupikwa. Walaji hao hawakuwa kazini, lakini kasa huletwa pwani na watu wa kazi ya bahari. Mvuvi aliyefundishwa kwamba vihatarishi ni "vijidudu" atadhani chungu kilichochemka kimemaliza shida. Zaidi ya hayo, mwiba wa taa, mwasho wa yavuyavu na vumbi la ukungu katika ghala havimwambukizi mtu maradhi, lakini vyote hutoka kwa viumbehai na vyote hudhuru. Mkataba wa 2025 nao haukuishia kwenye maradhi ya kuambukiza. Tafsiri yetu isiwe nyembamba kuliko asili yake.

3. Wadudu, virusi, kuvu

Katika mazungumzo ya kila siku, asiyeonekana kwa jicho huitwa mdudu. "Ana wadudu tumboni", "jeraha limeingia wadudu". Hatuna nia ya kuwasahihisha wazee wetu. Ila katika maelekezo ya kazi, neno hili humfanya msomaji afikirie mbu na nzi, akanunua dawa ya kupuliza mahali palipohitaji sabuni. Maneno bora tunayo. Kimelea ni neno zuri mno, kwani limo ndani yake tendo la kumea juu ya kingine na kuishi kwa jasho lake. Bakteria limezoeleka. Virusi limeingia kwa mlango wa nyuma likakaa barazani: lilipokuja lilionekana lina umbo la wingi wa vi-, basi wasemaji wakalitungia umoja wake, kirusi, pasipo kuomba ruhusa ya kamati yoyote.

Mfano wa kusifiwa ni "sumukuvu". Ulipozuka ugonjwa uliosababishwa na nafaka zilizoota kuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, watumishi wa afya na kilimo walihitaji jina ambalo mkulima angelielewa. Sumu na kuvu ni maneno ya jikoni. Yalipounganishwa, jina likawa pia maelezo: sumu hii yatoka kwenye kuvu. Anayelisikia amekwisha kuelewa nusu ya somo.

Mfano mwingine ni "homa ya mgunda". Mwaka 2022 ulipozuka ugonjwa katika Mkoa wa Lindi, Wizara ya Afya iliutambulisha kwa jina hilo. Mgunda, katika lugha kadhaa za Kibantu za Bara, ni shamba. Hivyo jina la ugonjwa limetaja mahali pa kazi panapopatikana maambukizo, penye maji na udongo uliochafuliwa na mkojo wa wanyama. Kwa msemaji wa Pemba neno mgunda ni geni, na huenda akadhani ni jina la mji. Lakini akifafanuliwa mara moja hatasahau. Twaona ni afadhali kukopa kwa jirani kuliko kukopa ng'ambo.

Na tusisahau "barakoa". Katika pwani yetu na Omani hilo lilikuwa vazi la uso la wanawake. Mwaka 2020, watu walipohitaji kufunika pua na mdomo, neno hilo lilitoka katika kasha la bibi likaenda hospitalini, na leo hakuna daktari asiyelitumia. Haya yote yatufundisha kwamba istilahi inayodumu huanzia mahali ambapo mtu tayari amesimama.

4. Nani yuko kazini?

Tukija kwenye mahali, twakuta tofauti ndogo yenye uzito mkubwa. Bara upo Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, chini ya Sheria Namba 5 ya 2003. Zanzibar, ambako Sheria Namba 8 ya 2005 ndiyo inayohusika, husemwa zaidi "usalama na afya kazini". Je, ni mamoja?

Sikilizeni lugha ya watu. Mwanamke wa Pemba aendaye kupanda mpunga husema anakwenda bondeni. Aendaye kwenye mwani husema anakwenda pwani. Aliyetoka kuchuma karafuu husema ametoka shamba. Neno "kazini", kwa masikio ya wengi, ni kwa mwenye mshahara: ofisini, hospitalini, bandarini. Tangazo la "afya kazini" likibandikwa penye njia ya bonde, mama huyu atalipita akiamini linamhusu karani. Wala hatakuwa amekosea. Lugha ndiyo iliyomtoa nje.

"Mahali pa kazi", au "pahala pa kazi" kwa ladha ya Visiwani, ina upana zaidi, kwani popote pafanyikapo kazi ni mahali pake. Twapendekeza maelekezo yanayowahusu wakulima na wavuvi yataje pahala kwa jina lake, bondeni, pwani, zizini, kisha ndipo yataje istilahi ya jumla.

5. Kukinga na kujikinga

Hapa ndipo penye lawama yetu kubwa. Maelekezo mengi ya usalama hujaa kitenzi "kujikinga": wafanyakazi wajikinge, vifaa vya kujikinga, namna ya kujikinga. Kiambishi -ji- ni kidogo kwa umbo, lakini kimehamisha wajibu wote. Anayekinga na anayekingwa wamekuwa mtu mmoja. Mwajiri ametoweka katika sentensi.

Wataalamu wa usalama hupanga hatua kwa daraja. Kwanza ni kukiondoa kihatarishi chenyewe. Pili ni kubadili kilichopo kwa kisichodhuru. Tatu ni kukitenga kwa vifaa na majengo ili kisimfikie mtu. Nne ni kupanga utaratibu wa kazi na mafunzo. Mwisho kabisa ndipo zinapokuja glavu, buti na barakoa. Katika daraja hizo, kujikinga ni ngazi ya chini, na hatua za juu ni za mwajiri au za Serikali. Kwa hiyo tuandike "mwajiri amkinge mfanyakazi", na vifaa viitwe "vifaa vya kinga". Neno "kujikinga" libaki kwa lile ambalo kweli mtu hulifanya mwenyewe, kama fundi wa maabara anayenawa mikono baada ya kushika sampuli.

Tazameni tena bondeni. Kumwambia mpanda mpunga "jikinge usiguse maji" ni kumwambia asipande. Buti hunasa topeni. Mradi wa kukomesha maambukizo ya kichocho uliofanywa Unguja na Pemba kati ya 2012 na 2016 ulitumia njia tatu: kuwapa watu dawa, kuua konokono majini, na kuelimisha ili watu wabadili mazoea. Kichocho kilipungua sana, ingawa hakikwisha. Dawa na kuua konokono ni kumkinga mtu, na si kumtaka ajikinge. Hata elimu ya choo na maji haifui dafu pasipo choo na pasipo maji ya bomba. Lugha itakayoficha jambo hilo itakuwa imemlaumu mgonjwa kwa ugonjwa wake.

6. Kudhibiti, kukomesha, kutokomeza

Mwisho, tuseme neno juu ya vitenzi vya ushindi. Karibu kila kampeni hutangaza "kutokomeza". Neno hili linachoshwa. Ziko daraja tatu, na kila moja yastahili kitenzi chake.

Kudhibiti ni kupunguza mpaka kiwango kinachovumilika, huku juhudi zikiendelea. Kukomesha ni kukata maambukizo katika eneo fulani, huku ulinzi ukibaki mlangoni. Kutokomeza ni kumaliza duniani kote. Ndui imetokomezwa: mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merka, Somalia, mwaka 1977, na dunia ikatangaziwa mwaka 1980. Sotoka ya ng'ombe nayo ilitangazwa kutokomezwa mwaka 2011. Lakini kichaa cha mbwa huko Pemba kilikomeshwa kwa chanjo ya mbwa, kikaingia tena mwaka 2016, kikakomeshwa mara ya pili. Lau kingeitwa "kilichotokomezwa", nani angetenga fedha za chanjo mwaka uliofuata? Neno lililopita kiasi hufunga mkoba wa Hazina na humlaza mlinzi.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, twaweka mbele ya Baraza na wasomaji mapendekezo haya. Kihatarishi kiwe ni kitu chenye uwezo wa kudhuru. Kufikiwa na kihatarishi kuwe ni kule kugusana nacho kwa ngozi, kwa pumzi au kwa kinywa. Hatari iwe ni kadiri ya uwezekano wa kudhurika, ndipo tuseme "kiwango cha hatari" na "tathmini ya hatari". Madhara yawe ni yaliyompata mtu. Katika sheria itumike "vihatarishi vya kibayolojia", pamoja na fasili inayotaja wazi vimelea, bakteria, virusi, kuvu, na sumu za wanyama na mimea. Katika maelekezo ya umma itumike "vihatarishi vitokanavyo na viumbehai". Kukinga kutenganishwe na kujikinga, na kukomesha kutenganishwe na kutokomeza.

Kila istilahi tuliyoitaja ingeweza kupingwa, na walimu na wafasiri wana haki ya kuleta iliyo bora. Ila twaomba yeyote atakayeleta nyingine aipime kwanza kwa swali moja: mama anayekunja kanga yake asubuhi kuingia katika maji ya bonde akiisikia, atajua ni kitu gani kimo majini, na ni nani aliyepaswa kukiondoa?